Süleymanoğlu, Boevski au Peshalov: mnyanyua vyuma ajifunze kwa nani?

Ukiingia jimu ambayo vijana wananyanyua vyuma kwa dhati, hukosi kumkuta mmoja anayesema anafuata mazoezi ya Kibulgaria. Mwulize ya Mbulgaria yupi, naye atakuonyesha video fupi kwenye simu: mtu mfupi mwenye mapaja manene, chuma kinapaa, ukumbi unalipuka kwa makelele. Swali hilo la yupi ni la msingi kuliko linavyochukuliwa. Bulgaria haijawahi kufikisha watu milioni kumi, lakini imetoa mabingwa wa dunia kwa makumi katika mchezo huu, na safari zao hazifanani. Yupo aliyevunja rekodi ya dunia akiwa bado mtoto. Yupo aliyekaa kileleni kwa misimu michache akaanguka vibaya. Na yupo aliyepanda jukwaa la Olimpiki mara nne akarudi na medali mara zote nne, ingawa jina lake halitajwi sana.

Watatu hao ni Naim Süleymanoğlu, Galabin Boevski na Nikolay Peshalov. Nimewaweka pamoja kwa sababu wamepishana miaka michache tu kwa kuzaliwa, wametoka katika shule moja ya mazoezi, na kwenye madaraja ya uzito njia zao zilikatana, kwa hiyo unaweza kuwapima kwa kilo. Niseme mapema ninakoelekea: kama wewe ni kijana unayepanga miaka yako ya mchezo, au ni kocha unayempangia kijana wako, fuata njia ya Peshalov. Sababu nitazitoa, pamoja na hali ambazo ningekushauri vingine.

Kwa asiyeuzoea mchezo, mashindano yana mitindo miwili. Wa kwanza ni kunyakua: chuma kinatoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Wa pili ni wa hatua mbili: kwanza kinafika mabegani, kisha kinasukumwa juu. Kila mtindo una majaribio matatu. Uzito mkubwa ulioufanikisha katika kila mtindo unajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayotoa mshindi. Ukikosa yote matatu katika kunyakua, huna jumla, na katika Olimpiki umetoka.

| | Süleymanoğlu | Boevski | Peshalov |
|---|---|---|---|
| Alizaliwa | 1967 | 1974 | 1970 |
| Medali za Olimpiki | Dhahabu 1988, 1992, 1996 | Dhahabu 2000 | Fedha 1992, shaba 1996, dhahabu 2000, shaba 2004 |
| Aliiwakilisha nchi gani katika Olimpiki | Uturuki | Bulgaria | Bulgaria, kisha Kroatia |
| Jumla yake kubwa katika Olimpiki | Kilo 342.5, daraja la 60 | Kilo 357.5, daraja la 69 | Kilo 337.5, daraja la 69 |
| Umri alipopata medali ya mwisho ya Olimpiki | 29 | 25 | 34 |

Jedwali linaonyesha Boevski ndiye aliyenyanyua kilo nyingi zaidi na Süleymanoğlu ndiye mwenye dhahabu nyingi zaidi. Mtu akichagua kwa kuangalia hapo tu, Peshalov anabaki wa tatu. Sikubaliani na usomaji huo.

Shule iliyowalea

Huwezi kuwaelewa bila kumtaja Ivan Abadjiev. Mwenyewe alikuwa mnyanyuaji, akapata medali ya fedha ya ubingwa wa dunia mwaka 1957. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akakabidhiwa timu ya taifa, wakati ambapo Bulgaria haikuwa na medali hata moja ya Olimpiki katika vyuma. Katika Olimpiki ya Munich 1972 ikaondoka na dhahabu tatu na fedha tatu. Dhahabu ya kwanza kabisa ililetwa na Norair Nurikyan wa daraja la kilo 60, ambaye miaka minne baadaye huko Montreal alishuka hadi daraja la 56 akashinda tena. Hadi leo hakuna mnyanyuaji mwingine aliyeiletea Bulgaria dhahabu mbili za Olimpiki.

Mbinu ya Abadjiev inajulikana duniani kote, ingawa wengi wanaijua nusu. Alipunguza mazoezi mpaka yakabaki machache sana: kunyakua, hatua mbili, na skwati (kuchuchumaa na kusimama na chuma), hasa ile ya kubeba chuma mbele ya mabega. Kila siku mnyanyuaji alipanda hadi uzito mkubwa kabisa anaouweza siku hiyo. Vipindi vilikuwa vifupi, kati ya nusu saa na saa moja, kila kimoja kikifuatiwa na mapumziko, kisha kingine, asubuhi na alasiri. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili huzoea kile unachodaiwa kila siku, kwa hiyo udai kikubwa.

Nusu isiyojulikana ndiyo inayomhusu msomaji wangu. Wanyanyuaji wale waliishi kambini, hawakuwa na kazi nyingine, walilishwa na serikali, na walikuwa wamechujwa kutoka kwa watoto wengi sana. Aliyeumia goti alirudi kwao, na mwingine akachukua nafasi yake. Sisi tunaona waliobaki. Mtu anayetoka kazini jioni, akapanda daladala, akafika jimu amechoka, hawezi kudai mwili wake uzito wa mwisho kila siku akategemea matokeo yale yale.

Halafu kuna dawa. Montreal 1976, mara ya kwanza vipimo vya steroidi, dawa za kujenga misuli, vilipofanywa katika Olimpiki, Wabulgaria wawili walinyang'anywa medali: Valentin Hristov dhahabu na Blagoy Blagoev fedha. Seoul 1988, Mitko Grablev na Angel Genchev walivuliwa dhahabu zao kwa furosemidi, dawa ya kukojoza inayopunguza maji mwilini, na timu ikajiondoa kabla mashindano hayajaisha. Sydney 2000 ikawa dawa ile ile tena: Izabela Dragneva, Ivan Ivanov na Sevdalin Minchev wakapoteza dhahabu, fedha na shaba. Mwaka 2015 wanyanyuaji 11 walikutwa na stanozololi, aina ya steroidi, na Bulgaria ikazuiwa kupeleka timu ya vyuma Rio 2016. Simtuhumu kwa hayo mtu ambaye hakupatikana na hatia. Lakini kocha anayeichukua ratiba ya Abadjiev na kumpa kijana wa miaka 17 hana budi kujua ratiba ile ilikulia katika mazingira gani.

Süleymanoğlu: mfano mkubwa mno

Alizaliwa Ptichar, kijiji cha mkoa wa Kardzhali kusini mwa Bulgaria, katika familia ya Waturuki. Kimo chake kilikuwa sentimeta 147. Hajafikisha miaka 17, alikuwa tayari na rekodi za dunia za watu wazima. Mwaka 1984, ambao angekwenda Olimpiki ya Los Angeles akiwa na nafasi kubwa ya kushinda, Bulgaria ilisusia michezo pamoja na washirika wa Muungano wa Sovieti. Muda si mrefu serikali ikawalazimisha raia wenye asili ya Kituruki kubadili majina, na yeye akaandikwa Naum Shalamanov. Desemba 1986, timu ikiwa Melbourne, Australia, kwa fainali ya Kombe la Dunia, alitoroka. Akapelekwa Uturuki kwa ndege iliyotumwa na waziri mkuu Turgut Özal. Ili aruhusiwe kushindana Seoul kwa bendera mpya, Uturuki ililipa Bulgaria zaidi ya dola milioni moja.

Seoul ndiko kwenye ile video ya simu. Tazama jinsi siku ile ilivyopangwa. Kunyakua alianza na kilo 145, akaenda 150.5, akamaliza na 152.5. Hatua mbili alianza na 175, akaruka hadi 188.5, kisha 190. Majaribio sita, hakukosa hata moja, na baada ya lile la kwanza la kila mtindo, kila alichoshika kilikuwa rekodi ya dunia. Jumla kilo 342.5 kwa mtu wa kilo 60. Katika daraja lililo juu yake, la kilo 67.5, Joachim Kunz wa Ujerumani Mashariki alipewa dhahabu kwa kilo 340. Mtu aliye mwepesi kuliko yeye kwa kilo saba na nusu angemshinda. Wa pili nyuma ya Naim alikuwa Stefan Topurov wa Bulgaria, kilo 30 chini yake, na huyo Topurov ndiye mwanadamu wa kwanza kuinua mara tatu ya uzito wake juu ya kichwa.

Video hizo haziendelei hadi miaka iliyofuata, nami naona somo limejificha huko. Naim alikuwa na miaka 21 Seoul, na jumla ile hakuifikia tena. Barcelona 1992 alishinda kwa 320, pungufu ya kilo 22.5. Atlanta 1996, katika daraja la 64, alishinda kwa 335. Dhahabu mbili kati ya tatu alizipata akiwa chini ya kilele chake, kwa kujua achukue uzito upi na lini. Pale Atlanta yeye na Valerios Leonidis wa Ugiriki walimaliza wote na kilo 187.5 katika hatua mbili, na kilichowatenga ni kunyakua: 147.5 kwa 145. Leonidis akaomba 190 kwa jaribio lake la mwisho, akashindwa. Kilo mbili na nusu zilizowekwa akiba saa moja na zaidi kabla ndizo zilizotoa bingwa.

Kwa hiyo ukimchagua Naim, chukua mambo mawili. La kwanza ni anavyoingia chini ya chuma kwa kasi bila kusubiri kimalize kupanda. La pili ni hesabu yake ya majaribio. Mengine hayaigiki. Huwezi kuchagua kimo, huwezi kuchagua kuanza ukiwa mtoto ikiwa tayari una miaka 22, na sidhani kuna mzazi mwenye busara anayetaka mwanawe apite alikopita yeye hadi kufika Seoul. Familia yake iliruhusiwa kumfuata Uturuki baada tu ya ushindi ule. Alifariki Istanbul Novemba 2017 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 50.

Boevski: kilele cha juu kuliko vyote, na bei yake

Galabin Boevski wa Knezha ndiye anayependwa na wale wanaosema "bora niwe juu mara moja kuliko kuwa wa tatu mara kumi." Ninawaelewa. Abadjiev alikuwa amerudi kuongoza timu mwaka 1997, na Boevski akawa tunda la kipindi hicho cha pili: bingwa wa dunia Athens 1999, bingwa wa Olimpiki Sydney 2000, bingwa wa dunia tena Antalya 2001.

Fainali ya kilo 69 ya Sydney ilikuwa kati ya Wabulgaria wawili. Georgi Markov alinyakua kilo 165, rekodi ya dunia, Boevski akabaki nyuma kwa 162.5. Kwenye hatua mbili mambo yakageuka: Markov alifika 187.5, Boevski akamwacha mbali na kufunga kwa jumla ya 357.5, sawa na rekodi ya dunia ya wakati huo. Wa tatu, Sergei Lavrenov wa Belarus, alikuwa na 340. Tofauti ya kilo 17.5 kati ya dhahabu na shaba ni kubwa mno kwa daraja lile.

Mwanzoni mwa 2004 shirikisho la kimataifa lilimfungia miaka 8. Yeye, Markov na Zlatan Vanev walikutwa wamechezea sampuli za mkojo zilizochukuliwa kwenye mashindano ya dunia ya 2003. Wenzake walifungiwa miezi 18. Kwa mnyanyuaji wa miaka 29, adhabu ya miaka 8 maana yake mchezo umekwisha.

Sasa weka kilo mezani. Agosti 2004, Athens, katika daraja lile lile la 69, Zhang Guozheng wa China alishinda kwa 347.5. Boevski wa Sydney angeshinda kwa kilo kumi. Hata Boevski aliyeshuka kidogo angekuwa jukwaani kupokea medali, lakini hakuwapo. Mwaka 2011 alikamatwa uwanja wa ndege wa São Paulo, Brazil, akiwa na kokeini, akahukumiwa miaka 9 na miezi 4. Aliachiwa na kurudi Bulgaria mwaka 2013. Sitaki kulielezea hilo kama mwendelezo wa vyuma. Ila naona uchungu, kwa sababu mtu aliyekuwa na nguvu ile alipaswa kuwa kocha anayewafundisha watoto wa Knezha.

Je, kuna cha kuchukua kwake? Kipo. Boevski anaonyesha kwamba mtu anaweza kufika kileleni akiwa na miaka 24 au 25 bila kuwa mtoto wa ajabu. Mwenye umri huo na nafasi moja tu mbele yake, kwa mfano kufuzu mashindano ya bara yatakayofanyika baada ya miaka miwili, anaweza kukusanya nguvu zake zote kwa misimu miwili na kuacha mengine yasubiri. Hiyo ni njia halali. Afanye hivyo akiwa na daktari wa michezo anayemfuatilia, na asiguse kopo lolote la virutubisho ambalo hajui kilichomo, kwa sababu anayefungiwa ni mwenye mkojo, hata kama aliuziwa asichokijua.

Peshalov: miaka kumi na miwili

Nikolay Peshalov alikuwa na miaka 22 alipofika Barcelona. Daraja la kilo 60. Mbele yake alikuwapo Naim, na hakuna aliyetarajia mtu mwingine ashinde. Peshalov akapata 305, akawa wa pili, kilo 15 nyuma ya bingwa.

Mwaka uliofuata shirikisho lilibadili madaraja yote, na la 60 likafutwa. Naim akaenda juu, 64. Peshalov akaenda chini, 59, na Atlanta akawa wa tatu katika fainali ambayo bado naiona ya ajabu kwa ukaribu wake: Tang Lingsheng wa China 307.5, Leonidas Sabanis wa Ugiriki 305, Peshalov 302.5. Watu watatu, kilo tano. Ukisoma nambari haraka utadhani amerudi nyuma, 305 hadi 302.5, lakini mwili wake uliruhusiwa kilo moja pungufu.

Madaraja yakabadilishwa tena mwaka 1998. Sasa ni 62. Kipindi hicho wanyanyuaji wengi wa Bulgaria walikuwa wakiondoka kwa sababu nyumbani nafasi zilikuwa chache na fedha zilikuwa chache zaidi. Qatar iliwachukua kadhaa kwa mkupuo. Mmoja wao, aliyezaliwa Angel Popov, alipata shaba Sydney kwa jina la Said Saif Asaad. Peshalov alichagua Kroatia.

Sydney 2000, fainali ya kilo 62. Naim, miaka 33, amerudi kutoka kustaafu. Anaomba 145 katika kunyakua, uzito ule ule aliofungulia Seoul. Anakosa. Anarudi, anakosa. Mara ya tatu anakosa, na mtu mkubwa kuliko wote katika mchezo huu anatoka bila jumla. Peshalov, aliyemwangalia mgongoni Barcelona, anamaliza na 325, kilo 7.5 mbele ya Sabanis yule aliyempita Atlanta. Ilikuwa dhahabu pekee ya Kroatia katika michezo ile. Na katika daraja hilo hilo shaba ilikwenda kwanza kwa Minchev wa Bulgaria, ikachukuliwa kwa furosemidi. Kwenye karatasi moja ya matokeo unapata miisho mitatu tofauti ya shule moja.

Angeweza kuishia hapo. Badala yake, akiwa na miaka 34, alipanda hadi kilo 69, daraja la Boevski, akaenda Athens 2004 na kuchukua shaba kwa 337.5, nyuma ya Zhang na Lee Bae-young wa Korea Kusini. Boevski, mdogo wake kwa zaidi ya miaka minne na mwenye uwezo wa kilo ishirini zaidi, alikuwa nje ya mchezo.

Hesabu ninayotaka vijana waifanye ni hii. Kutoka 305 ya Barcelona hadi 337.5 ya Athens ni ongezeko la kilo 32.5 kwa miaka 12. Chini ya kilo tatu kwa mwaka, tena mitindo yote miwili ikijumlishwa, na mwili ukiongezeka kilo tisa. Jimu nyingi zinauza ahadi ya kilo ishirini kwa miezi mitatu. Anayeanza anaweza kweli kuzipata, kwa sababu mwili mpya hujifunza haraka. Akiisha kukomaa, kilo tatu kwa mwaka ni kazi ya mtu makini, na Peshalov ni ushahidi kwamba zinatosha kukuweka kwenye jukwaa la Olimpiki kwa vizazi viwili vya wapinzani. Kweli, alianzia mahali pa juu. Mtu mwenye 305 akiwa na miaka 22 si wa kawaida. Lakini mwendo wake unaigika hata na aliyeanza na 150.

Jambo la pili kwake ni uzito wa mwili. Vijana wengi niwaonao wanajiua kwa kushuka daraja. Wiki ya mashindano hawali, wanavaa plastiki na kukimbia juani, wanafika kwenye mizani wakiwa sawa na kwenye chuma wakiwa wanatetemeka. Peshalov alishuka alipokuwa kijana na kushuka kulikuwa kwa kilo moja, kisha akapanda kadiri umri ulivyopanda: 62 akiwa na 30, 69 akiwa na 34. Ni mpangilio ambao goti na mgongo vinaupokea. Naim alifanya kinyume mwishoni, akarudi katika daraja la 62 akiwa na miaka 33 baada ya kushindana 64, na tumeona kilichotokea. Sisemi uzito pekee ndio uliomwangusha, kwa kuwa alikuwa amekaa nje muda mrefu. Lakini mtu wa miaka 33 anayepanga kushuka daraja ana ushahidi wa kutosha wa kumfanya afikiri tena.

Basi wewe ni yupi?

Kama una kati ya miaka 18 na 30, una kazi au masomo, na unataka kushindana kwa muda mrefu, sina shaka: Peshalov. Panga kwa miaka minne minne. Chagua daraja unaloliingia ukiwa umekula chakula cha jioni. Mazoezi matatu au manne kwa wiki yenye kunyakua, hatua mbili na skwati yatakufikisha mbali, na uzito wa mwisho kabisa uushike mara chache, siku ambayo mwili umepumzika. Ule ufupi wa orodha ya Abadjiev ni mzuri na ninauunga mkono. Kinachohitaji kupunguzwa ni ile amri ya kila siku.

Kama wewe ni kocha wa watoto, usimtumie Naim kama kipimo cha umri. Kijana wa miaka 15 anayeshindwa kilo 60 hajachelewa. Mfundishe kwa fimbo ya mti au bomba tupu mpaka chuma kipite karibu na mwili bila kuyumba, mwache acheze mpira na kukimbia, kilo zitakuja. Mwonyeshe Naim kwa ajili ya miguu yake tu.

Aliye na nafasi moja na umri umesogea nimekwisha mtaja: mpango wa Boevski wa misimu michache, bila lile lililofuata. Wapo pia wanaofikiria kuwakilisha nchi nyingine kwa sababu nyumbani hakuna vifaa wala nauli ya mashindano. Kwao linganisha Naim na Peshalov kwa utulivu. Wote wawili walihama, mmoja kwa kutoroka ambako hakuna mtu anayehitaji kukupitia tena, mwingine katika wakati ambapo kuhama kulishakuwa jambo la makubaliano. Soma kanuni za kusubiri kabla ya kuanza kushindana kwa bendera mpya, na uhakikishe kila kitu kimeandikwa.

Najua nitaulizwa kuhusu Karlos Nasar, kwa sababu ndiye anayejaza simu za vijana sasa. Alizaliwa 2004. Akiwa na miaka 17, mwaka 2021, alikuwa bingwa wa dunia wa watu wazima na rekodi ya dunia ya kilo 208 katika hatua mbili, daraja la 81. Paris 2024, daraja la 89, alinyakua 180, akasukuma 224, jumla 404, rekodi ya dunia ya wakati huo, na kuirudishia Bulgaria dhahabu miaka minane baada ya aibu ya Rio. Ninafurahi kila nikimwona. Lakini safari yake bado iko mwanzoni, na kinachomfanya Peshalov awe na thamani kwa anayepanga miaka yake ni kwamba tunaijua yote, kuanzia Barcelona hadi Athens. Kwa Nasar angalia mabega na jinsi anavyosimama imara chini ya kilo 224 kabla hajaunganisha miguu. Simamisha video hapo, irudie, na ujaribu mkao huo na chuma kitupu.